Meno ya Baba Mkwe

Nilipoolewa Chokocho nilikwenda na vitu alivyokwenda navyo kila bibi harusi wa miaka ile: kanga, sanduku, mkeka, vyungu vya kupikia. Tena nikenda na kimoja ambacho sijasikia bibi harusi mwingine aliyekwenda nacho, nacho ni mbwa. Baba yangu ndiye aliyenipa. Kwetu Ole tulikuwa watu wa mihogo, na mwenye mihogo Pemba ana maadui wawili, nguruwe na tumbili, na wote wawili hawaogopi kitu isipokuwa mbwa. Mume wangu alikuwa amenilimia kipande changu cha mihogo nyuma ya kijiji chao. Akina baba wengine siku ya harusi huwapa binti zao nasaha. Wangu aliniambia, "Nasaha utazisahau. Chukua mbwa."

Baba mkwe alikuwa khatibu wa msikiti wa kijiji. Kila Ijumaa yeye ndiye aliyepanda mimbari kusoma khutba, na heshima yake yote ilikuwa pale juu. Mtu wa namna hiyo kuletewa mbwa na mke wa mwanawe ni mtihani. Sisi ni Washafii, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito: yakigusa chombo, chombo hicho kioshwe mara saba, na mara moja katika hizo saba kwa udongo. Baba mkwe alikuwa akiikumbusha nyumba nzima hukumu hiyo asubuhi na jioni, kama kwamba sisi tulitaka kumlisha mbwa kwenye sahani ya pilau. Akakata shauri kwamba mnyama akae kwenye banda la shambani, na uani asikanyage.

Shauri hilo hakuniambia mimi. Aliuambia mtungi. Kwao baba mkwe hasemi na mke wa mwanawe uso kwa uso, ni kukosa haya, basi kila alipokuwa na neno na mimi aliligeuzia mtungi wa maji uliokuwa pembeni mwa ua. "Ewe mtungi, leo hapana maji ya kutawadhia?" Mimi nimesimama hatua mbili kutoka hapo, nikakimbia kisimani. Mwanzo nilidhani mzee wa watu ana kichaa. Baadaye nikazoea, hata mara nyingine nikauonea mtungi huruma, maana ulikuwa ukilaumiwa kwa mengi.

Jambo la pili alilouambia mtungi lilikuwa la mluzi. Mbwa wangu hakuwa na jina. Kwetu mbwa wa msako wa nguruwe haitwi jina, huitwa kwa mluzi, na mluzi huo nilikuwa nikiupiga tangu mdogo, mwembamba na mrefu, mpaka mbwa akausikia kutoka bonde la pili. Chokocho mwanamke kupiga mluzi ni sawa na kutembea kichwa wazi sokoni. Mtungi ukaambiwa kwamba nyumba ile si ya manahodha, na sauti ile isisikike tena. Nikaacha. Shambani nilikuwa nikipiga, lakini uani nilitulia kama nyinyi mnaotulia mbele ya wakwe zenu.

Sasa siku moja ya Jumatano mbwa alichomwa na mwiba kwenye unyayo akifukuza nguruwe, na banda la shambani lilikuwa limejaa siafu. Mama mkwe, aliyekuwa mwanamke mpole mwenye ucheshi aliouficha, akaniambia, "Mlete uani, mwanangu, mfunge pale kwenye nlimau. Babako kalala. Akiamka, mbwa kesharudi shamba." Mume wangu alikuwa Unguja kwenye kazi ya kupakia mizigo bandarini, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwomba ruhusa zaidi. Nikamfunga mbwa kwa kamba ndefu. Hapo ndipo nilipokosea hesabu, maana urefu wa kamba ulifika hadi dirisha la chumba cha mzee.

Mchana ule tulikuwa tumekula papa mkavu wa nazi. Sikujua, wala hakujua yeyote mle ndani isipokuwa mama mkwe, kwamba baba mkwe alipokula papa alikuwa akienda chumbani baadaye, akitoa meno yake manne ya mbele, akiyafuta, akiyafunga kwenye leso na kuyaweka dirishani wakati amelala. Ndiyo, akitoa. Miaka michache nyuma alikwenda Unguja kutibiwa macho, akarudi anaona vilevile lakini anacheka kwa meno yote. Watu walisema hewa ya mjini imemkubali. Kumbe daktari wa meno ndiye aliyemkubali, akamtengenezea kibao cha rangi ya ufizi chenye meno manne na vijiwaya viwili vya kushikia pembeni. Kijiji kizima hakikujua, wala hata wanawe.

Niliporudi kutoka kisimani nikaikuta leso chini ya mlimau, imechanika, imelowa mate. Mbwa alikuwa akijilamba pua na kunitazama kwa upendo. Nikaiokota leso kwa kijiti, sikuona kitu ndani, nikafikiri ni leso tu. Kisha nikamsikia mzee chumbani anapekuapekua. Kikaanguka kitu, kikaanguka chengine. Akatoka uani mkono umeziba mdomo, akaiona leso kwenye kijiti changu, akamwona mbwa, akasimama.

Halafu akaukabili mtungi na kusema maneno marefu ambayo mpaka leo siwezi kuyarudia, si kwa sababu ya ukali wake bali kwa sababu sikuyasikia. Kila alipofika kwenye herufi ya sini, upepo ulipita pale palipokuwa na meno manne ukatoka mluzi, mwembamba na mrefu. Mbwa wangu, aliyefundishwa tangu kinda kwamba mluzi ni kuitwa, akanyanyuka, akaivuta kamba mpaka mwisho wake, akaenda kukaa mbele ya baba mkwe akitikisa mkia.

Mzee akarudi nyuma akipiga kelele. Kelele nazo zilikuwa na sini nyingi. Mbwa akazidi kuvuta.

Nilicheka. Nisingeweza kuzuia hata ningewekewa kisu. Mama mkwe naye alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yanamtetemeka. Kicheko kilinikauka pale alipotoka shemeji yangu, mvuvi, mtu mzima asiye na subira, na mama akalazimika kumweleza kilichopotea. Shemeji alimwangalia mbwa kama anavyoangalia samaki. "Apasuliwe," akasema. "Kazi ya dakika."

Baba mkwe akatulia, akafikiri, akauambia mtungi hukumu, polepole, akizikwepa sini kadiri alivyoweza: wangoje mpaka Ijumaa. Kama kabla ya adhana ya mchana meno hayajatoka yenyewe, mwanawe atayatoa kwa njia yake.

Siwezi kusema kwamba mzee alikuwa katili. Lazima mjue miaka ile ilikuwaje. Ilikuwa miaka ya vyama, watu wamegawanyika hata hawaendi kwenye maziko ya wenzao, duka hili hanunui fulani, duka lile hanunui fulani. Msikiti wetu nao ulikuwa na pande mbili, na upande wa pili ulikuwa na khatibu wao tayari, kijana mwenye sauti nzuri na meno yake mwenyewe, anangoja tu mzee ateleze. Na khutba si mchezo. Kuna herufi za Kiarabu ambazo ncha ya ulimi lazima iguse meno ya mbele, na khatibu anayeziharibu watu wataanza kuulizana barazani kama sala yao ilikuwa sahihi. Mzee akipanda mimbari Ijumaa ile akipiga miluzi, asingeshuka tu, angeshushwa.

Hayo yote niliyaelewa. Lakini mbwa alikuwa wangu. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa chao, hata mimi nilikuwa wao, na yule mnyama wa rangi ya mchanga mwenye sikio lililochanwa na nguruwe ndiye pekee aliyetoka kwetu. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia, kisha nikajifuta, maana kulia hakumsaidii mbwa kunya.

Jambo la kwanza lilikuwa kisu. Shemeji alitaka kumaliza usiku uleule bila kungoja Ijumaa, baba yake akishalala. Nikamuuliza kwa adabu, "Kisu gani, shemeji?" Akasema chake. Nikamkumbusha kwamba ndicho anachokatia chambo na samaki wa nyumba nzima. Akasema basi cha jikoni. Mama mkwe akasema, "Cha jikoni kwangu hakiingii tumboni mwa mbwa, hata nkiosha mara sabini." Panga? La kukatia nazi. Shoka? La kuni za futari. Hapana chuma hata kimoja katika nyumba ile kilichokubali kazi. Shemeji akaondoka akisema atakwenda kuazima kwa watu, na mama akamuuliza atawaambia cha kufanyia nini. Akarudi akakaa.

Jambo la pili lilikuwa tumbo lenyewe. Kwetu Ole mbwa wa msako humeza kila kitu: mfupa, ndoana, gunzi, kipande cha kiatu. Baba yangu alikuwa na kanuni zake, na usiku ule nilizisoma moyoni kuliko nilivyosoma dua. Mbwa aliyemeza kitu chenye ncha usimtapishe, maana kilichoshuka bila kukwama kinaweza kukwama kikipanda. Usimpe mafuta. Uzi ukichungulia mdomoni au nyuma, usiuvute. Tazama ufizi, uwe na rangi ya waridi. Shika tumbo, liwe laini. Tazama kama anakunywa maji, kama anakula, kama anajikamua na hakitoki kitu. Akianza kutapika, au tumbo likakaza, au akakataa maji, hapo usingoje tena, tafuta mwenye ujuzi ingawa ni mbali. Leo wajukuu zangu wakiniuliza nawaambia hayohayo, na kwamba waganga wa wanyama siku hizi wapo, waende. Wakati ule tulikuwa na bwana mifugo mmoja tu aliyekuja kwa baiskeli kuwaangalia ng'ombe.

Kwa bahati alipita Alhamisi. Shemeji akamuuliza barabarani, kwa niaba ya "ntu mmoja", afanywe nini mbwa aliyemeza kitu. Bwana mifugo akamjibu kwamba serikali haijaleta Pemba dawa yoyote ya mbwa isipokuwa risasi. Kisha akaona haya, akasema alishwe chakula kizito laini, na angojewe, na kinyesi kisitupwe. Shemeji alilileta jibu lile uani kama mtu aliyepewa shahada ya kuchagua mavi.

Basi nikampondea muhogo, nikachanganya na ukoko wa wali na mchuzi kidogo wa samaki usio na miba, ili ukizungushie kile kibao na vile vijiwaya njia nzima. Alikula. Kila nilipomshika tumbo na kumfunua mdomo nilikwenda nyuma ya ua kuosha mikono mara saba, moja kwa udongo, maana mzee alikuwa akinitazama kwenye upenyo wa mlango na midomo yake ikihesabu. Nilichimba udongo mwingi mpaka mama mkwe akasema tutapata kisima cha pili. Ngozi ya viganja ilinipasuka.

Tatizo la tatu lilikuwa majirani. Jirani yetu wa ukuta wa makuti, mwanamke aliyekuwa na macho pande zote, alitaka kujua kwa nini khatibu amefuga mbwa uani na kwa nini hatoki kwenda msikitini. Mama mkwe alikuwa hana uzoefu wa uongo. Wa kwanza uliomjia ulikuwa huu: khatibu ana homa, na mbwa amemeza kipini cha dhahabu cha mkamwana. Ikanibidi nikivue kipini changu puani na kukificha kwenye unga. Na dhahabu, kama ungetaka kuwafukuza watu, si neno la kutumia. Kufika Alhamisi jioni wanawake walikuwa wamekaa ukumbini wakimsubiri mbwa kama wanavyosubiri mzazi. Mmoja akashauri maji ya chumvi, nikakataa. Mwingine mafuta ya nyonyo, nikakataa. Wa tatu akasema bamia mbichi kwa sababu zinateleza, na hizo mbwa alipewa, akazinusa akazipa kisogo.

Wakati wote huo baba mkwe alikaa chumbani. Alikuwa amegundua kwamba hawezi kusema. Kila akiomba maji, mbwa anaitika. Akisoma dua zake, mbwa anaitika, tena dua zina sini nyingi. Alhamisi mchana nilimsikia akifanya majaribio peke yake, anaanza khutba kwa sauti ndogo, inamkatikia kwenye mluzi, anaanza tena. Mbwa chini ya dirisha aliinua kichwa kila mara, akalia kidogo, akangoja. Baadaye sauti ya mzee ikasema, si kwa mtungi maana mtungi ulikuwa nje, "Nini unataka na mimi, we kiumbe?" Ilikuwa mara ya kwanza asimwite najisi. Nilikuwa nachambua mchele, nikaacha mkono hewani.

Jioni ile mama mkwe alimuuliza kwa upole, yakitoka, utayavaa? Mzee akaanza kujadiliana na nafsi yake. Hukumu inataja chombo. Je, jino ni chombo? Linagusa chakula, basi ni chombo. Kikioshwa mara saba kimetwahirika, hapana shaka. Lakini roho? Roho nayo itaoshwa kwa udongo gani? Mama akasema, "Wewe vaa tu, mume wangu. Roho itafuata."

Alfajiri ya Ijumaa mbwa hakutaka maji. Nilimshika tumbo nikaona limekaza upande mmoja, au niliogopa tu nikaliona limekaza. Nilimfungua, nikamtembeza polepole kwenye migomba nyuma ya nyumba, nikimwomba Mungu kwa jambo ambalo sikuwa na hakika kama linaombewa. Shemeji alikuwa ameketi kizingitini na panga jipya lisilo na kazi nyingine, sijui alilipata wapi. Jua likapanda. Mbwa akajikamua, hakikutoka kitu. Akatembea. Akajikamua tena.

Mara ya tatu kikatoka.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu na kijiti. Kabla hatujainama, makuti ya ukuta yakatengana, uso wa jirani ukatokeza: "Kipini hicho?" Mama mkwe, mke wa khatibu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, aliivua kanga yake ya begani akaitupa juu ya kile kinyesi na kukaa kitako pembeni yake kama anayeota jua. "Bado," akasema. "Nenda, tutakwita." Kanga ile ilikuwa mpya, na alipenda sana kanga.

Jirani alipoondoka tukafunua. Yalikuwamo, yote manne, yamekaa kwenye kibao chao, kijiwaya kimoja kimepinda. Sijawahi kuona meno yakicheka mahali pabaya vile. Nilimkumbatia mbwa shingoni bila kufikiria udongo wala saba, nikalia mbele ya shemeji, naye akaliweka panga chini na kusema, "Alhamdulillahi," kisha akaziba pua.

Kuyaosha mzee hakumwachia mtu. Alitoka chumbani, akayapokea kwenye kifuu, akachota maji mwenyewe na udongo mwenyewe, akaosha akihesabu kwa vidole, kwa sababu kwa mdomo asingeweza. Alipomaliza mara saba akaanza upya mara saba nyingine. Akakinyoosha kijiwaya kwa kucha. Akaingia chumbani. Tulisimama uani kama watu wanaongoja mwezi. Alipotoka alikuwa na kanzu yake na kilemba, midomo imefungwa, akapita akaenda msikitini bila kutazama upande wa mtu.

Shemeji ndiye aliyetusimulia. Alisema babake hajawahi kusoma vile. Herufi nzito zilitoka nzito, nyembamba nyembamba, hata wale wanaosinzia kwenye nguzo za nyuma walizinduka, na yule khatibu wa upande wa pili akawa anatazama mkeka. Khutba ilihusu twahara. Ilikuwa ndefu sana.

Mzee aliporudi alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi uani, akavua kilemba, akapumzika. Mbwa alikuwa amelala chini ya mlimau amechoka, kamba nimeshaifungua, nangoja amri ya kumrudisha shambani. Baba mkwe akakohoa. Akasema, safi kabisa, kila sini mahali pake, "Basi. Basi sasa, tusameheane."

Mtungi haukuwa na kosa siku ile. Mimi wala mama hatukuwa na kosa. Tukaelewa anasema na nani. Lakini mbwa hakuinua hata sikio, maana hapakuwa na mluzi, na maneno ya watu hayakumhusu.

Mzee akangoja. Akarudia, "Basi, tusameheane," kwa sauti zaidi. Mbwa akapumua, akageukia upande wa pili. Niliuona uso wa baba mkwe ukishuka kidogo, kama mtu aliyesalimu asijibiwe.

Akageuka. Aliupita mtungi kwa macho, akanitazama mimi.

"Hebu npigie mluzi, mwanangu," akasema.

Midomo yangu ilikuwa mikavu, mluzi wa kwanza ulitoka hewa tupu. Wa pili ukatoka. Mbwa akanyanyuka, akachechemea uani kote, akanipita, akaenda kulala miguuni pa baba mkwe. Mzee akaikusanya kanzu yake magotini isiguswe, lakini miguu hakuiondoa.